Uzi: Texas wamejifungia na gridi yao wenyewe, wakiungana na majirani giza litaisha?

FundiTaaTatu (mtoa mada)

Wakuu salaam. Huu uzi nimeuahirisha sana, lakini kila umeme wa Texas ukitajwa humu naona ubishi ni ule ule, huyu anasema wangekuwa wameunganishwa na majirani ile baridi ya Februari 2021 isingeua mtu, yule anasema kuungana ni kujitia kitanzi bure. Mimi si mhandisi wa makaratasi, ni fundi wa majenereta, nimesimama mbele ya paneli za kusinkronaizi miaka mingi tu, kwa hiyo nitaandika kifundi fundi. Ni ndefu, mwenye haraka apite zake kwa amani.

Marekani bara haina gridi moja kama wengi wanavyodhani. Ziko tatu kubwa, ya mashariki, ya magharibi, halafu Texas peke yake. Hiyo ya Texas inasimamiwa na ERCOT na inabeba kama asilimia 90 ya umeme unaotumika jimboni. Nasema 90 maana si Texas nzima, El Paso kule kwenye kona iko gridi ya magharibi, Beaumont na sehemu ya Panhandle, ile kona ya kaskazini ya jimbo, ziko gridi ya mashariki. Ishikeni hiyo El Paso, tutarudi kwake.

Sasa kwa nini wako peke yao? Watu wanadhani ni sababu ya kiufundi. Hamna. Mwaka 1935 Marekani ilipitisha sheria iliyoipa serikali ya Washington mamlaka juu ya umeme unaovuka mpaka wa jimbo kwenda jimbo lingine. Makampuni ya Texas yakapiga hesabu, kama umeme wetu hauvuki mpaka basi mkaguzi wa Washington hana mlango wa kuingilia. Ndo hivyo tu. Waya haukuvuka kwa sababu ya makaratasi, na mpaka leo ni makaratasi.

Kuna kisa kimoja hapa nakipenda sana. Tarehe 4 Mei 1976 kampuni moja iliyokuwa na matawi Texas na Oklahoma, ikitaka kuonyesha kwamba mfumo wake ni mmoja, iliamua kufanya kweli. Kwenye kituo cha Vernon, Texas wakafunga swichi usiku na umeme ukaenda Altus, Oklahoma, masaa machache tu. Wenzao walipojua walichanganyikiwa, maana gridi yote ilikuwa imeshikana, kwa hiyo umeme wa mmoja ukivuka mpaka ni kama wote wamevuka. Makampuni makubwa yakakata laini zao haraka kujitenga na huyo mwenzao kama mtu mwenye ukoma, halafu wakaenda mahakamani kwa miaka. Yaani kituo kimoja, swichi moja, jimbo zima linaparurana.

Suluhu iliyotoka kwenye huo ugomvi ndo moyo wa uzi huu, lakini lazima kwanza niwaeleze kusinkronaizi ni nini, yaani kufanya umeme wa pande mbili uende hatua moja.

Ukiwa na jenereta unataka kuiingiza kwenye umeme unaotembea tayari, njia ya kizamani ni taa tatu. Unafunga balbu moja kila fezi, upande mmoja mashine yako, upande mwingine laini. Washa mashine, taa zinaanza kuwaka na kufifia zote pamoja, zinapumua. Zikipumua haraka, kasi ya mashine iko mbali na laini. Unapunguza au unaongeza mafuta kidogo kidogo mpaka zinapumua taratibu sana, unasubiri zizime kabisa, katikati ya lile giza ndo unafunga breka. Ukifunga zikiwa zinawaka, laini inaikamata mashine yako na kuilazimisha ishike hatua hapo hapo. Nilishaona. Kijana mmoja kwenye mtambo niliokuwa kibarua alifunga vibaya, mlio kama lori limegonga ukuta, boliti za kapling zikakatika kama biskuti, tukakaa wiki mbili bila ile mashine.

Sasa chukua hiyo hiyo, badala ya jenereta moja weka Texas nzima upande huu na gridi ya mashariki upande ule. Wote ni hezi 60, ndio, lakini hezi 60 ya huyu na ya yule haziendi hatua moja. Ni ngoma mbili zinapigwa kwa kasi moja ila mikono haishuki pamoja. Kuziunganisha moja kwa moja kwa AC, huu umeme wa kawaida wa mawimbi, inawezekana, ila ukishafanya hivyo mmekuwa mwili mmoja, jenereta ikianguka kwake na wewe unayumba.

Njia ya pili ni DC, umeme usio na mawimbi. Umeme unaingia kwenye jengo ukiwa AC ya kwako, unageuzwa kuwa DC, kisha unageuzwa tena kuwa AC ya jirani kwa hatua zake jirani. Hakuna kusinkronaizi. Na mwendeshaji anapanga mwenyewe, leo nipeleke megawati 100, kesho nivute 200, inapita hiyo hiyo. Ndo walichokubaliana baada ya ule ugomvi wa 1976, waunganishwe kwa DC na wapewe ruhusa maalumu kwamba huo waya hautawafanya wawe chini ya Washington. Leo Texas ina viungo viwili vya namna hiyo kwenda mashariki, kimoja megawati 220 kingine 600, na vingine vidogo kwenda Meksiko. Jumla kama megawati 1,200.

Linganisheni na matumizi. Agosti 2023 Texas walivuka megawati 85,000. Yaani ni nyumba ya ghorofa ina mlango wa paka.

Ndo tufike 2021. Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 15 Februari baridi kali, mitambo inaanguka mmoja baada ya mwingine, gesi imeganda visimani, mabomba hayana presha, makaa yameganda, hata mabawa ya upepo yameshika barafu. Frikwensi ikaanza kushuka. Ilifika 59.302 badala ya hezi 60. Kwa asiye fundi hiyo ni namba ndogo, kwa fundi hapo mikono inatetemeka, kwa sababu majenereta yanalindwa yasizunguke chini ya 59.4 kwa zaidi ya dakika 9, zikipita yanajitoa yenyewe, na yakijitoa ndo kwisha, gridi yote chini. Walikaa chini ya 59.4 dakika 4 na sekunde 23. Zilibaki dakika 4 na sekunde 37 jimbo zima liwe giza, na kuwasha gridi iliyokufa kabisa si kazi ya siku moja.

Wakakata wateja. Megawati 20,000 palipokuwa pabaya zaidi. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5. Hesabu rasmi ya jimbo ya waliokufa ni 246, wengi baridi.

Msimamo wangu ni huu: waya wa jirani usingezuia giza, ila ungezuia vifo vingi, na wanaosema "megawati 3,000 za laini ya jirani zingesaidia nini kwenye pengo la 20,000" hawajawahi kugawa umeme. Nitaeleza nikijibu. Karibuni mnirarue.

Karanga Mbichi

Mkuu umeandika vizuri ila umeanza kuzunguka mbuyu mwishoni. Tuwekee hesabu. Hao majirani wenyewe siku hiyo walikuwa na umeme wa kuuza? Mi najua na wao walikata.

FundiTaaTatu

Swali zuri na ndo linalowashinda wengi. Walikata, kweli. SPP, msimamizi wa umeme wa majimbo ya kati pale jirani kaskazini yao, ilikata megawati 2,718 palipokuwa pabaya, na upande wa kusini wa MISO, msimamizi mwingine jirani, kama 700. Weka pembeni ya 20,000 za Texas. Lakini angalia kwa nini wao walikata kidogo wakati baridi ilikuwa ile ile na mitambo yao nayo iliganda, ni kwa sababu walikuwa wanavuta umeme kutoka mashariki ya mbali ambako hali ilikuwa nzuri, maelfu ya megawati. Jirani wa karibu anakuwa na shida yako ile ile, dhoruba ni kubwa kuliko mpaka. Jirani wa jirani yako ndo anakuokoa. Texas walikuwa na mlango wa paka, hata huyo wa mbali angetaka kuwapa asingeweza kupitisha.

MsomaMita

Nyongeza kidogo kwa faida ya wengi. Dhoruba ya Februari 2011 ilishawapa onyo lile lile, mitambo ikaganda, wataalamu wakaandika ripoti kwamba zibeni mabomba, wekeni hita, funikeni vifaa. Ilikuwa ni ushauri, si amri. Miaka kumi baadaye vitu vile vile vikaganda.

Na hapo ndo El Paso inaingia, mtoa mada alisema tuishike. El Paso 2021 karibu hawakuguswa. Watu wanasema ona, kwa sababu wako gridi ya magharibi. Nusu ya ukweli! Baada ya 2011 walijenga mitambo inayohimili baridi na inayoweza kuchoma mafuta gesi ikikata. Kwa hiyo usimpe waya sifa zote, hita nazo zilifanya kazi.

FundiTaaTatu

Hapo umepiga kwenye mshono. Tena nilitaka kuidanganya nafsi yangu kidogo na El Paso nikaogopa kuna mtu humu atanikamata.

Kobe_Mbio

Mimi napinga uzi. Kujitenga kuna faida na hakuna anayeitaja. Texas walijenga laini za CREZ kutoka magharibi kwenye upepo kwenda mijini, maili kama 3,600, karibu dola bilioni 7, wakamaliza 2014. Hiyo jaribu kwenye gridi zinazopita majimbo matano uone, kila jimbo lina kamati yake, kila mtu anauliza nani analipa. Leo hao ndo vinara wa upepo Marekani. Mkiwaunganisha mnawaletea urasimu.

FundiTaaTatu

Kobe hoja yako ni nzito na sitaipangua. CREZ ni kazi ya wanaume na wanawake, na kweli ilikwenda haraka kwa sababu mlango wa kugonga ulikuwa mmoja. Ila DC haikuletei huo urasimu, ndo maana nilihangaika kuieleza pale juu. Ile ruhusa maalumu ipo tangu baada ya ugomvi wa 1976. Kuna laini inayopangwa kujengwa inaitwa Southern Spirit, megawati 3,000, maili kama 320, inatoka mpaka wa Texas na Louisiana mpaka Mississippi. Oktoba 2024 wizara ya nishati ya Marekani ilitangaza kuiunga mkono hadi dola milioni 360. Texas inabaki na uhuru wake na inapata mlango wa ng'ombe badala ya wa paka.

Sasa ile ahadi yangu. Kwa nini 3,000 kwenye pengo la 20,000 ni kitu kikubwa?

Mgao wa kawaida unafanyaje? Mtaa A zima masaa mawili, washa, zima mtaa B. Mtu anavumilia, anajifunika blanketi, umeme unarudi, nyumba inapata joto, maji yanachemka. Ila ukiambiwa ukate 20,000 unakuta laini zote zisizo na hospitali, zisizo na mitambo ya maji, umeshazikata zote, hakuna mtaa B wa kubadilishana naye. Ndo kilichotokea. Wale waliokatwa usiku wa kwanza walibaki giza siku mbili, tatu, wakati majengo ya ofisi katikati ya jiji yanawaka taa kwa sababu yako laini moja na hospitali. Ungewapa 3,000 za ziada, wasingewasha wote, ila wangepata nafasi ya kuzungusha. Masaa mawili ya hita kila baada ya masaa sita ni mtoto mzima asubuhi. Tofauti ya mgao na giza iko hapo, haiko kwenye asilimia.

dada_wa_kona

Hii ya kuzungusha sikuwahi kuifikiria kabisa. Asante.

Halafu mbona nilisikia walikata umeme wa mitambo ya gesi wenyewe?? Au ni stori za mtaani

FundiTaaTatu

Si stori dada, hapo ndo unapotaka kucheka na kulia. Kompresa za gesi zinatumia umeme. Baadhi ya wenye gesi hawakuwa wamejaza fomu ya kusema laini yetu ni muhimu msiikate. Gridi ilipoanza kukata ikakata na wao. Kompresa ikazima, gesi ikapungua, mtambo wa umeme ukakosa gesi, umeme ukapungua zaidi, ikabidi wakate zaidi. Nyoka anameza mkia. Fomu, wakuu.

Karanga Mbichi

Na Meksiko? Si wameunganishwa nao kwa DC?

MsomaMita

Meksiko waliumia kwa mlango mwingine. Mitambo ya kaskazini yao inategemea gesi ya bomba kutoka Texas. Gesi ilipoganda kule, watumiaji milioni 4.7 wa kaskazini mwa Meksiko wakakosa umeme siku hiyo hiyo ya tarehe 15. Kwa hiyo mnaposema "gridi iliyojitenga" kumbukeni mabomba hayajajitenga.

Nyuzi Tatu

Naingia kwa kuchelewa. Mnaongelea Texas tu, angalieni walioungana kwa AC kabisa. Estonia, Latvia na Lithuania walikuwa wanazunguka na gridi ya Urusi na Belarusi, frikwensi yao inashikwa Moscow. Tarehe 8 Februari 2025 wakakata. Siku nzima wakakaa kisiwa, nchi tatu zinajishikilia zenyewe, kesho yake mchana tarehe 9 wakaungana na Ulaya kupitia laini ya Lithuania na Polandi. Kabla ya hapo walifunga mashine nzito zinazozunguka tu bila kuzalisha kitu, ili frikwensi isitikisike ovyo. Matayarisho ya miaka, kufunga breka sekunde.

Na Ukraine ndo kiboko. Walijitoa gridi ya Urusi kwa majaribio usiku wa kuamkia tarehe 24 Februari 2022, wapime siku tatu kisha warudi. Asubuhi vita ikaanza. Hawakurudi tena. Wakakaa peke yao mpaka tarehe 16 Machi walipoungana na Ulaya, kazi iliyopangwa 2023.

Kobe_Mbio

Sawa, na Hispania je? Tarehe 28 Aprili 2025, saa sita na nusu mchana, Hispania na Ureno zote chini. Waliungana na Ufaransa kwa AC, imewasaidia nini?

Nyuzi Tatu

Imesaidia kuamka. Volti zilipanda kupita kiasi, mitambo ikajitoa kwa mfululizo, laini ya Ufaransa nayo ikajikata kwa sababu hatua zimepotea, sawa. Lakini walianza kuwashwa kutoka wapi? Ufaransa upande mmoja, Moroko upande mwingine. Kuwasha gridi iliyokufa bila jirani ni kuwasha jiko kwa kusugua vijiti.

MsomaMita

Ila kuungana kwa AC kuna vituko vyake. Mwanzoni mwa 2018 saa za ukutani na za kwenye oveni Ulaya zilichelewa mpaka dakika sita, kisa Kosovo na Serbia walikuwa wanagombana nani azibe pengo la umeme. Oveni iko Ujerumani, ugomvi uko Balkani. Zile saa zinahesabu mawimbi ya gridi, frikwensi ikiwa chini kidogo wiki nyingi, saa inabaki nyuma.

dada_wa_kona

🤣🤣 yaani umechelewa kazini kisa nchi mbili haziongei

Karanga Mbichi

Kuna kitu hamjasema na ndo kinachozuia waya kuliko hata Washington. Pesa. Siku zile bei ya jumla ERCOT ilikaa kwenye kilele chake cha dola 9,000 kwa megawati saa. Mwenye mtambo uliosimama wima siku hiyo alivuna mpaka akachoka, na kuna watu wa kawaida wenye mikataba ya kufuata bei ya jumla walipata bili za maelfu ya dola kwa siku chache. Sasa wewe mwenye mtambo unaambiwa ije laini ya megawati 3,000 ishushe bei siku kama hiyo, utapiga makofi?

FundiTaaTatu

Hutapiga. Utasema unatetea uhuru wa jimbo. Sina cha kuongeza hapo mkuu, ningekuwa na mtambo ningekuwa mzalendo na mimi.

Nyuzi Tatu

Fundi, mimi nina swali nje ya mada. Zile taa tatu zako, nimeona mahali badala ya kuwaka na kuzima pamoja zinafuatana, moja, ya pili, ya tatu, kama zinakimbizana. Hapo vipi?

FundiTaaTatu

Hapo usifunge hata ukiombwa na bosi. Mpangilio wa fezi umepishana. Zima, thibitisha hakuna umeme, badilisha nyaya mbili upande wa mashine, anza upya.

dada_wa_kona

Na yule kijana aliyevunja boliti ilikuwaje, hakuona taa zinawaka?

FundiTaaTatu

Alikuwa anaangalia moja tu, ya katikati. Aliona imezima akafunga. Balbu ilikuwa imeungua.